Jibu: Morrowind kwenye laptopu ya zamani, nisubiri Skywind?

Mkuu, umeuliza kama laptopu yako kuukuu itaimudu Morrowind, gemu ya zamani ya kampuni ya Bethesda, au usubiri Skywind. Usisubiri. Skywind ni Morrowind inayojengwa upya na mashabiki ndani ya injini (programu inayoendesha gemu) ya Skyrim, gemu ya baadaye ya mfululizo uleule. Wanajitolea tu, bado hawajaitoa, na ikitoka itataka uwe na nakala halali za gemu zote mbili, na mashine inayoiweza Skyrim. Hiyo yako itachemka.

Chukua OpenMW. Hii si modi (nyongeza ya mashabiki kwenye gemu), ni injini iliyoandikwa upya kuanzia mwanzo, ya bure na msimbo wake uko wazi. Inasoma faili zilezile za gemu ya mwaka 2002, kwa hiyo lazima uwe umeinunua (vizia punguzo, bei hushuka sana). Injini ya asili ilikuwa na tabia ya kujifunga katikati ya safari bila kuaga. Hii imetulia, na unaona milima ya mbali bila ule ukungu wa injini ya asili.

Angalizo: modi zinazotegemea MWSE, programu ya kuongezea uwezo injini ya asili, hazikubali humu. Soma maelezo kabla hujapakua.

Ukishaizoea, weka Tamriel Rebuilt, modi kubwa ya mashabiki. Gemu ya asili inaishia kisiwa cha Vvardenfell. Hawa jamaa wanakuongezea bara lenyewe, kipande kwa kipande, na walianza 2001, kabla hata gemu haijatoka! Kwangu mimi misheni zao za kutafuta na kupeleleza zinaizidi kazi ya Bethesda. Ila modi za kubadilisha sura za watu, achana nazo kwanza.