Tuulize kinachofuata baada ya kuchaguliwa

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii liliuliza: kati ya mashindano, warsha, matamasha na mafunzo yanayotangazwa kwa vijana wanaopenda uigizaji, kwa waandishi wa tamthilia na kwa walimu wa sanaa, ni fursa zipi zinazostahili kufuatwa, na mtu anayeanza azitambueje? Nimefundisha maigizo shuleni kwa miaka mingi na nimewasaidia vijana wengi kujaza fomu za aina hiyo, kwa hiyo nina msimamo katika jambo hili. Fursa ya kweli, kwa maoni yangu, ni ile inayolichukua andiko la mtu ikalifikisha mikononi mwa waigizaji na mwongozaji, kisha mbele ya hadhira. Zawadi na vyeti vina nafasi yake, lakini havimwonyeshi mwandishi lolote ambalo hakuliona alipokuwa ameketi peke yake na kalamu.

Nasema hivyo kwa sababu tamthilia haikamiliki katika karatasi. Hotuba ya mhusika ambayo machoni ilionekana nzito na nzuri huweza kumkatisha pumzi mwigizaji katikati, na hapo mwandishi anatambua kwamba aliandika insha akadhani ni mazungumzo. Onyesho la pili ambalo aliliona la lazima linawafanya watazamaji waanze kugeuka vitini, ilhali kimya kifupi alichokiweka bila kufikiri sana kinawashika wote. Mambo haya hayasemeki kwa mwandishi akayaelewa. Ni lazima ayasikie yakitokea. Ndiyo maana shindano linalopokea miswada, likatangaza washindi watatu na kuishia hapo, limempa mshindi fedha na likamwacha na ujuzi uleule aliokuja nao, na wale walioshindwa hawakupata hata neno moja la kuwaeleza ni kwa nini.

Linganisheni na mkutano wa waandishi wa tamthilia wa kituo cha Eugene O'Neill huko Connecticut, Marekani, kituo kilichoanzishwa mwaka 1964. Mwandishi anayechaguliwa huko hukaa na waigizaji na mwongozaji, huusikia muswada wake ukisomwa waigizaji wakiwa wameshika karatasi mkononi, bila mandhari ya kifahari, huku akiendelea kukata na kuandika upya. August Wilson, mwandishi wa tamthilia wa Marekani, alituma kazi huko akakataliwa zaidi ya mara moja kabla ya kukubaliwa mwaka 1982. Katika mkutano huo alifanya kazi na mwongozaji Lloyd Richards, na tamthilia iliyosomwa pale ilifika Broadway, kwenye kumbi kubwa za maigizo za New York, mwaka 1984. Naitaja habari hii hasa kwa ajili ya waandishi vijana wanaokata tamaa baada ya barua moja ya kukataliwa. Wilson alikuwa amekwisha kutimiza miaka thelathini na kitu mlango huo ulipofunguka, na kilichomfaa zaidi kilikuwa kupata watu wa kufanya nao kazi kwa miaka iliyofuata.

Hata hivyo, mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Andrea Dunbar, kwa sababu ndani yake wamo wote watatu mliowataja: kijana, mwandishi na mwalimu. Dunbar alikulia katika mtaa wa watu wenye kipato kidogo mjini Bradford, kaskazini mwa Uingereza, na akiwa na miaka 15 alianza kuandika tamthilia kama kazi ya darasani. Angepewa alama, daftari likarudishwa, na mambo yangeishia hapo. Lakini mwalimu aliona kilichokuwamo, akamtia moyo aendelee, na mwaka 1980 kazi hiyo ikaigizwa katika ukumbi wa Royal Court, London, ambao ulikuwa ukiwatafuta waandishi chipukizi. Mwongozaji Max Stafford-Clark alimtaka airefushe, naye akairefusha, na ukumbi huohuo ulionyesha tamthilia yake ya pili mwaka 1982. Ukumbi ulikuwa na mlango ulio wazi kwa vijana, hilo ni kweli na ni la kusifiwa, lakini bila mtu mzima darasani aliyejua kutofautisha kazi ya kawaida na kazi yenye uhai, mlango huo usingekuwa na maana yoyote kwa msichana yule.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wengi wanaozungumzia fursa za vijana. Wadhamini hupenda kuwekeza kwa kijana moja kwa moja, kwa kuwa kijana aliyeshinda anapendeza pichani, na mwalimu anaachwa ajitegemee. Kijana mmoja akipelekwa kwenye warsha ya siku tano hunufaika yeye. Mwalimu mmoja akifundishwa kusoma muswada, kuongoza mazoezi na kulinda sauti za wanafunzi wake zisiharibike kwa kupiga kelele jukwaani, watanufaika vijana wa kila mwaka hadi siku atakapostaafu. Kama ningekuwa na mfuko mmoja tu wa kugawa, ningeanza na mwalimu, na nisingeona haya kulisema hilo mbele ya wanafunzi wangu.

Wapo waliolielewa jambo hili mapema. Mwaka 1965 ukumbi wa Belgrade wa Coventry, Uingereza, uliunda kikundi cha watu waliokuwa waigizaji na walimu kwa pamoja, wakaenda mashuleni na michezo iliyowashirikisha watoto katika kufikiri na kuamua, na kutoka hapo ukazaliwa utaratibu wa tamthilia katika elimu ambao umeenea nchi nyingi. Ukumbi wa Taifa wa London nao, tangu mwaka 1995, unaendesha mpango uitwao Connections: waandishi wazoefu hulipwa waandike tamthilia mpya kwa ajili ya waigizaji wa umri wa miaka 13 hadi 19, kisha shule na vikundi vya vijana huchagua mojawapo na kuiandaa. Kinachonivutia zaidi katika mpango huo ni kwamba walimu na viongozi wa vikundi hualikwa kwanza kwenye mafunzo ya uongozaji na kukutana na waandishi wenyewe, na ndipo vijana huanza mazoezi. Kila kikundi huonyesha nyumbani kwake na baadaye katika ukumbi wa kitaaluma. Mwandishi analipwa, mwalimu anajifunza, kijana anaigiza kitu kilichoandikwa kwa ajili ya umri wake badala ya kujibandika ndevu za babu. Anayetafuta namna ya kubuni mpango wa fursa hana sababu ya kwenda mbali zaidi ya hapo.

Najua mwalimu mwingine atasema: hayo ni ya wenye kumbi na bajeti. Si kweli kwamba kila kitu kinahitaji bajeti. Viola Spolin alibuni michezo yake maarufu ya uigizaji wa papo kwa papo akifanya kazi na watoto wa wahamiaji mjini Chicago, katika mradi wa serikali wa mwishoni mwa miaka ya 1930, na vifaa vyake vikubwa vilikuwa nafasi ya kusimama na kanuni za mchezo zilizo wazi. Augusto Boal wa Brazil, kupitia kazi aliyoifanya Peru mwanzoni mwa miaka ya 1970, alitupatia tamthilia ya jukwaa huria: kikundi huigiza tatizo linaloishia vibaya, kisha huliigiza tena, na safari hii mtazamaji yeyote anaweza kupaza sauti kuusimamisha mchezo, akachukua nafasi ya mhusika na kujaribu njia nyingine. Mwalimu anaweza kuanza nayo kesho katika darasa lililojaa, madawati yakiwa yamesukumwa ukutani. Ninachomsihi ni kwamba asiyafanye haya kuwa burudani ya kujaza kipindi cha mwisho wa wiki. Yanahitaji maandalizi na mazungumzo baada yake, la sivyo wanafunzi watacheka na kusahau.

Waandishi nao wasiidharau hadhira isiyosomea sanaa. Katika miaka ya 1976 na 1977, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii walipoandaa tamthilia yao ya Kikuyu na wanakijiji wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, nchini Kenya, usomaji na mazoezi yalifanywa mbele ya watu, na wanakijiji hao, wakiwamo wakulima na wafanyakazi wa viwandani, waliwasahihisha waandishi kuhusu lugha ya wazee na kuhusu maisha yao wenyewe, kisha wakajenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wenye kuketisha watu zaidi ya 2,000. Serikali iliyasimamisha maonyesho hayo mwezi Novemba 1977, na mwaka 1982 ukumbi ukabomolewa. Kwa swali lenu, ninachokichota humo ni hiki: mwandishi anayesubiri mwaliko kutoka mji mkuu huenda ana wasomaji, waigizaji na wahakiki wakali hatua chache kutoka mlangoni kwake, na usomaji wa jioni moja mbele yao utamfaa kuliko miezi ya kungoja majibu ya shindano.

Kuna upande mwingine wa jambo hili ambao matangazo huunyamazia, nao ni haki za mwandishi. Kwa mujibu wa Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, yaani makubaliano ya kimataifa ya kulinda hakimiliki, na marekebisho yake, kazi hulindwa pale tu inapoundwa, bila kulazimu kusajiliwa, na kwa kawaida ulinzi huo hudumu muda wote wa uhai wa mwandishi na angalau miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hiyo masharti yanayosema kwamba kila muswada utakaotumwa utakuwa mali ya waandaaji, hata ule usioshinda, yanamnyang'anya mwandishi kitu ambacho sheria imekwisha kumpa. Mwandaaji mwaminifu huomba ruhusa ya kuionyesha kazi mara fulani au kwa muda fulani, na huiacha hakimiliki kwa mwenyewe. Vivyo hivyo ada za kuingia: ada ndogo ya kulipa wasomaji wa miswada naweza kuielewa kwa watu wazima, lakini shindano la watoto wa shule linalotoza ada bila kueleza inakwenda wapi, mimi siwapeleki wanafunzi wangu. Na pale kijana anapoalikwa kulala mbali na nyumbani kwa ajili ya mazoezi, mzazi na mwalimu wana haki ya kujua ni nani atakayekuwa naye, na mwandaaji anayekasirishwa na swali hilo amekwisha kulijibu.

Ningependa pia wakumbukwe vijana wasiotaka kusimama jukwaani. Ukumbi unahitaji mafundi wa taa na sauti, washonaji wa maleba, wajenzi wa mandhari na msimamizi wa jukwaa anayejua kila mtu anatakiwa kuwa wapi na saa ngapi. Kijana mwenye haya ambaye hawezi kutamka sentensi mbili mbele ya watu huenda ndiye atakayeshika daftari la msimamizi kwa umakini usiopatikana kwa mwingine, na kazi hizo mara nyingi ndizo zenye ajira ya kueleweka. Fursa nyingi zinazotangazwa huwataja waigizaji na waandishi tu.

Gazeti lenu linachapisha matangazo ya fursa hizi kila toleo, na hapo mnaweza kutusaidia sana. Kabla ya kulichapisha tangazo lolote, mwulizeni mwandaaji kama kazi itakayochaguliwa itasomwa au kuigizwa mbele ya watu, nani atabaki na hakimiliki, na kama mwalimu aliyemwandaa mwanafunzi ana nafasi katika mpango huo. Majibu yake yachapisheni chini ya tangazo, na akikataa kujibu, andikeni kwamba amekataa. Nitayabandika kwenye ubao wa shule yetu pamoja na tangazo lenyewe, ili wanafunzi wayasome kabla ya kuomba fomu.