Kwa nini ditekta ya zamani hulia kwenye udongo mwekundu na kuipita dhahabu?

Swali: Habari mhandisi. Nimerithi ditekta (kifaa cha kutafutia metali) ya miaka ya 1960 yenye koili moja na spika za masikioni. Nikiipitisha juu ya mchanga mweusi au mawe mekundu, sauti inabadilika hata pasipo na metali. Lakini punje ya dhahabu ya gramu moja niliyoizika kina cha kiganja haisikiki kabisa. Imeharibika, au ndivyo zilivyokuwa? Na je, naweza kuitumia? (Mchimbaji mdogo, Chunya)

Jibu: Ndugu msomaji, kwa maelezo yako hicho kifaa ni kizima. Ndani yake mna osileta mbili, yaani saketi zinazotoa mawimbi ya umeme: moja inaendeshwa na koili (duara la waya) inayopita juu ya ardhi, nyingine imo ndani ya boksi na haibadiliki. Unachosikia ni tofauti ya masafa yao, yaani idadi ya mizunguko kwa sekunde. Metali kama dhahabu ikikaribia, indaktansi ya koili (uwezo wake wa kupinga mabadiliko ya mkondo wa umeme) hupungua na masafa hupanda, ila kwa nusu tu ya asilimia ya upungufu huo. Osileta ikiwa ya mizunguko 100,000 kwa sekunde, indaktansi ikapungua kwa asilimia 0.01, masafa yatapanda kwa mizunguko 5. Kama sauti uliyoiweka ni ya mizunguko 500, nyongeza hiyo sikio litaitambua kwa shida. Kama ni 40, utaisikia. Basi punguza sauti hiyo ya mizunguko hadi mngurumo mzito, lakini usifike kwenye ukimya: osileta zikikaribiana mno hushikana kwenye masafa yaleyale, na hapo metali ndogo hupita bila kusikika.

Sasa mchanga mweusi. Magnetaiti iliyomo (madini meusi ya chuma yanayovutwa na sumaku) huongeza indaktansi, yaani huvuta upande ulio kinyume na dhahabu. Chini ya koili una gramu moja ya dhahabu na kilo kadhaa za udongo wenye chuma. Udongo unashinda. Ubaya zaidi ni mashimo: koili ikipita juu ya shimo kwenye ardhi nyekundu, udongo unapungua ghafla, masafa yanapanda, nawe unasikia sauti ileile ya metali. Wengi wamechimba shimo la panya kwa sababu hiyo.

Tatizo hili la kilichozunguka metali lina umri sawa na vifaa vyenyewe. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell alijaribu kuitafuta kwa koili risasi iliyokuwa mwilini mwa Rais James Garfield wa Marekani. Springi za chuma za kitanda zilivuruga usikivu, na daktari alitaka upande wa kulia tu upimwe ilhali risasi ilikuwa kushoto. Miaka ya 1930 Gerhard Fisher, aliyekuwa akishughulikia vifaa vya redio vya kuongozea ndege, alifuatilia makosa ya mwelekeo yaliyosababishwa na metali na miamba yenye madini. Akaunda kifaa cha maboksi mawili, kirusha mawimbi na kipokezi, kwenye ncha mbili za mti. Kilifaa kwa mabomba na miamba mikubwa ya madini, punje hakiioni.

Suluhisho la kweli lilikuja miaka ya 1970, kwa koili mbili, moja ya kurusha na moja ya kupokea, na mawimbi ya masafa ya chini. Mwitikio wa magnetaiti huja karibu papo hapo, wa metali huchelewa kidogo. Saketi ikaweza kuutupa ule wa ardhi na kuubakiza uliochelewa. Ndipo maeneo ya dhahabu ya Victoria, Australia, yakaanza kutafutwa upya. Tarehe 26 Septemba 1980 Kevin Hillier alipata huko, kwa ditekta ya kampuni ya Garrett, bonge la dhahabu la kilo 27.2, takriban sentimita 30 tu chini ya ardhi. Udongo mwekundu uliendelea kusumbua, kwa kuwa aina fulani ya oksaidi ya chuma huchelewa nayo. Huo ulipatiwa dawa na mashine za mapigo ya umeme; ditekta ya Minelab SD 2000 ya mwaka 1995 ilituma mapigo ya urefu tofauti na kulinganisha majibu yake.

Turudi kwenye yako. Iwashe ikae kivulini dakika 15 kwanza, maana joto huhamisha masafa. Kisha gusa koili kwa mkono uliolowa. Sauti ikibadilika, karatasi ya alumini iliyozungushiwa koili imekatika au imeachana na waya wa hasi, na hata majani yenye umande yataipigisha kelele. Izungushie upya, ukiacha pengo la sentimita moja ili isifunge duara. Ikifunga duara, koili inakuwa bubu.

Rekebisha sauti koili ikiwa hewani, ili kipande cha metali ya risasi kiipandishe. Jiwe ulilolitilia shaka likiishusha, ni jiwe la chuma. Pitisha koili kwa kimo kilekile muda wote. Gramu moja usiitegemee zaidi ya sentimita chache.

Mimi ningeitumia kinyume. Mtoni, dhahabu na mchanga mweusi hutuama pamoja kwa sababu vyote ni vizito. Tafuta mahali sauti inaposhuka nyuma ya mawe makubwa na kwenye nyufa za mwamba, uchote hapo, ukapepete kwa karai.