Kupanda mlima hakutoshi

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza kama mzee wa Bukavu, ambaye kutwa hupanda na kushuka vilima, bado ana haja ya mazoezi ya kumkinga asianguke. Nadhani wengi watajibu kwamba mambo hayo ni ya wazee wa nchi tambarare wanaokwenda sokoni kwa gari. Mimi nasema anayahitaji, na pengine kuwazidi hao.

Kutembea hujenga pumzi na moyo, wala simwambii mtu aache. Hata hivyo, mwili haujifunzi kujisawazisha mpaka uwekwe mahali ambapo kusimama kwenyewe ni kazi. Uchambuzi wa mwaka 2019 wa Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaojumlisha matokeo ya tafiti za afya, uliokusanya majaribio zaidi ya 100 yaliyofanywa kwa watu wa miaka 60 na zaidi wanaoishi majumbani mwao, ulionyesha kwamba mazoezi ya kujisawazisha na ya kuiga shughuli za kila siku hupunguza kuanguka kwa karibu robo. Kwa kutembea peke yake, ushahidi haukutosha kuonyesha faida hiyo.

Nina jirani huku Cimpunda, mama aliyelea watoto wake kwa kubeba mizigo kwa kamba ya kwenye paji la uso, na hadi leo hupanda mpaka soko la Kadutu bila kupumzika. Lakini mtazameni anapovaa viatu mlangoni: mkono hutangulia kutafuta ukuta kabla mguu haujainuka, na asipoupata hurudi ndani akaketi kitandani. Nguvu anazo, kilichopungua ni uwezo wa kubaki juu ya mguu mmoja, ilhali katika kila hatua tunayopiga kuna kitambo ambacho mwili mzima unategemea mguu mmoja tu. Kushuka ndiko kugumu zaidi, kwa sababu misuli ya mbele ya paja hulazimika kukaza huku ikirefuka, ikizuia uzito kama breki, na kwetu kazi hiyo hufanyika juu ya udongo mwekundu unaoteleza tangu mvua za Septemba hadi Mei. Umeme ukikatika, macho nayo hayasaidii tena, na mzee hubaki na sikio la ndani na hisia za nyayo, ambazo umri umekwisha kuzipunguza.

Mazoezi yenyewe hayahitaji chombo. Mzee asimame nyuma ya kiti kizito au kando ya meza isiyoyumba, miguu ikiwa pamoja, kisha mmoja mbele ya mwingine, kisigino kikigusa vidole, na mwishowe kwa mguu mmoja. Ashike kwa mikono miwili, halafu mmoja, halafu kidole tu, mtu wa nyumbani akiwa karibu. Ainuke kitini bila kutumia mikono na kuketi tena polepole sana, maana kule kuketi polepole ndiko kunakofundisha mapaja kushuka mlima. Zoezi likizoeleka liongezwe ugumu, kwani lililo jepesi halifundishi kitu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mazoezi ya namna hii siku 3 au zaidi kwa wiki kwa wenye miaka 65 na kuendelea. (Wajukuu watacheka, waambiwe wajaribu nao, wakiwa wamefumba macho.)

Aliyekwisha kuanguka, au anayeona kizunguzungu anapoinuka, hasa kama anatumia dawa za presha, amwone kwanza daktari au mtaalamu wa viungo, yule tunayemwita kine, wala asibadilishe dawa kwa shauri la majirani. Mwenye mtoto wa jicho apimwe macho.

Linalonisumbua zaidi ni heshima yetu wenyewe. Koko, yaani bibi au babu, akitaka kuinuka, nyumba nzima hupaza sauti: «Keti, koko, tutakuletea!» Tunamletea maji, kiti, hata viatu, na baada ya mwaka tunashangaa miguu imelegea. Aliyeanguka mara moja huogopa, na hofu ile humfunga kitini, naye akiketi hudhoofika zaidi. Tumwache akachukue kikombe chake mwenyewe, na nguvu zetu za vijana tuzitumie kupigilia mti wa kushika kando ya zile ngazi za udongo za kwenda chooni, kabla mvua hazijaanza.

Msomaji wenu, Kadutu, Bukavu