Shangazi, Zamu Yangu Itafika Lini?

Shikamoo shangazi. Kila mwisho wa juma tunakusanyika watu sita, ndugu na marafiki, kucheza michezo ya ubao. Mwenzetu mmoja, ambaye sote tunampenda, zamu ikimfikia anaganda. Anashika kadi, anairudisha, anahesabu, anauliza kanuni, anaishika tena. Sisi wengine tunatazama dari. Mara ya mwisho wawili walisinzia kwenye kochi mchezo ukiwa haujafika nusu. Tumefikiria kuweka kipima muda lakini tunaogopa kumdhalilisha. Tufanyeje?
*Aliyechoka kusubiri*

Marahaba mwanangu. Kabla hamjamgusa huyo mwenzenu, tupige hesabu ya meza yenu. Mko sita. Hata kila mmoja akitumia dakika mbili tu, muda ambao hakuna wa kuuita mwingi, wewe unakaa dakika 10 hujagusa kitu. Mwenzenu akitumia dakika tano, kusubiri kwako kunakuwa 13. Yaani kati ya hizo 13, za kwake kupita kiasi ni tatu. Zilizobaki zimeletwa na wingi wenu.

Ndiyo maana dawa yangu ya kwanza ni kuigawa meza. Watatu hapa, watatu pale, kwa kasi ileile ya dakika mbili, na kila mtu anasubiri dakika nne. Sanduku likiandikwa kwamba mchezo ni wa wachezaji 2 hadi 6, linakuambia vifaa vinatosha watu sita. Halikuahidi kwamba watu sita watafurahi. Kwa michezo mingi yenye mipango mirefu, mimi sikai mezani na zaidi ya wanne, na jambo hili nalishikilia hata mgeni akinuna kidogo.

Kama hamtaki kutengana, badilisheni aina ya mchezo. Katika 7 Wonders, alioutunga Antoine Bauza na kutoka mwaka 2010, watu hadi saba huchagua kadi kwa wakati mmoja, kisha kila mmoja humpa jirani kadi zilizobaki mkononi. Hapo mnamsubiri aliye mzito kuliko wote, lakini hamjumlishi muda wa kila mmoja. Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika: mchezo mzima huisha kwa takriban nusu saa. Catan ya Klaus Teuber, ya mwaka 1995, nayo ina njia yake. Zamu ni za mmoja mmoja, ila dadu zikirushwa, yeyote mwenye kijiji kando ya eneo lenye namba iliyotoka anapata mazao yake, na mwenye zamu anaweza kubadilishana mali na mtu yeyote mezani. Kwa hiyo hata zamu isiyo yako una sababu ya kutazama.

Mnaweza pia kusogeza mambo ndani ya mchezo mlionao. Katika Carcassonne, mchezo wa kupanga vigae, kanuni inasema mchezaji huchota kigae mwanzoni mwa zamu yake, ndipo aanze kutafuta pa kukiweka. Kubalianeni achote mwishoni mwa zamu yake, akae nacho wenzake wakicheza. Atakuwa na raundi nzima ya kukitafakari. Katika Ticket to Ride, mchezo wa kujenga njia za reli, zamu hukwama zaidi pale mtu anapochukua tiketi mpya tatu, yaani kadi za safari za kukamilisha, na kuamua abaki na zipi. Hapo hakuna haja ya kumsubiri: anayefuata aanze kucheza, mwenye tiketi aendelee kuzisoma. Atajibu akiwa tayari na hakuna aliyepoteza kitu.

Sasa kipima muda. Saa ya mchanga inayompa kila mtu dakika moja kwa kila zamu siipendi, kwa sababu zamu hazilingani. Kuna zamu ya kuchukua kadi mbili na kukaa, na kuna zamu inayoamua mchezo wote. Ukizipimia kipimo kimoja, ya kwanza inabakiza muda usio na kazi na ya pili inanyongwa. Wachezaji wa sataranji walipambana na jambo hili zamani sana. Mashindano ya London ya mwaka 1883 yalitumia saa ya mitambo yenye nyuso mbili, na kila mchezaji alisimamia muda wake mwenyewe, akiutumia mwingi panapostahili. Baadaye Bobby Fischer, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa sataranji, alipata hataza mwaka 1989 ya saa inayoongeza sekunde kila unapocheza, ili mtu asikamatwe na muda akiwa na hatua nyepesi mkononi. Programu za simu za saa ya namna hiyo zipo, na nyingine zinachukua watu zaidi ya wawili. Mkiamua kutumia saa, mpeni kila mmoja muda wa mchezo mzima, tuseme dakika 20, na sekunde 15 za nyongeza kwa kila zamu.

Na anayepitiliza? Msimtoe mchezoni. Katika mashindano mengi ya Scrabble, mchezo wa kuunda maneno kwa herufi, mchezaji ana dakika 25 za mchezo mzima na hukatwa pointi 10 kwa kila dakika ya ziada. Anaumia kidogo lakini anamaliza mchezo wake. Ila mimi ningeanza hata kabla ya hapo: saa ihesabu kwenda juu tu, jioni moja, bila adhabu, kwa watu wote. Nimeona mara nyingi kwamba dakika nyingi hazikupotelea kwa yule anayelaumiwa. Zilipotelea kwenye kutafuta kete ndani ya sanduku na kubishana kuhusu kanuni. Mezani kwangu kila aina ya kete ina kibakuli chake, ubao unapangwa kabla wageni hawajaingia, na mtu mmoja ndiye mshika kanuni. Yeye kakisoma kitabu mapema. Likizuka swali anatafuta jibu huku zamu zikiendelea.

Mwisho, zungumzeni naye, lakini si mezani na si wakati wa zamu yake. Ukimwambia “fanya haraka” katikati ya hesabu, anaianza upya. Na tafadhali, acheni kumshauri. Kila ushauri mnaompa ni njia mpya anayopaswa kuipima. Aliyekuwa na mbili sasa ana tano, halafu mnashangaa mbona hamalizi.

Shangazi, mimi ndiye ninayesubiriwa. Najua wenzangu wanachoka, naona aibu, na aibu inanifanya nizidi kuchelewa. Nikijaribu kupanga mapema, mtu wa mbele yangu anacheza kitu na mpango wote unaharibika. Je, niache kucheza?
*Mzito wa kuamua*

Usiache hata kidogo. Anayefikiri kwa bidii hivyo anaupenda mchezo, na meza inamhitaji.

Tatizo lako umelitaja mwenyewe bila kulitambua: unapanga hatua, na hatua ndizo huharibika. Wakati wa kusubiri panga lengo. Jiulize unataka uwe umefika wapi baada ya raundi mbili: kuifunga barabara ile, kuumiliki mji ule, kukamilisha seti ya kadi nyekundu. Mwenzako anaweza kukuzibia njia moja, lakini mara chache sana atakuzibia lengo lote. Kisha chagua njia mbili za kulifikia, moja ya kutumia na nyingine ya akiba. Zamu ikifika, huanzi kuukagua ubao wote. Unatazama jambo moja tu, kama njia ya kwanza bado iko wazi. Ikiwa wazi, cheza. Ikizibwa, unayo ya pili.

Njia mbili zikionekana sawa hata baada ya kuzipima sana, tulia. Kule kuonekana sawa ndilo jibu. Kama tofauti yake ni ndogo kiasi kwamba huioni, kosa la kuchagua moja badala ya nyingine nalo litakuwa dogo. Tena mara nyingi kitakachoamua ni dadu au kadi ambayo haijafunuliwa, na hiyo hata ukifikiri mpaka alfajiri hutaijua.

Waombe wenzako mcheze mchezo uleule jioni kadhaa mfululizo kabla ya kufungua sanduku jipya. Mzoefu haoni chaguo 20. Anaona tatu zenye maana, kwa kuwa nyingine ameshaziona zikishindwa. Uzoefu huo hauji ikiwa kila juma mnaanza kanuni mpya.

Na usiombe radhi kila zamu. Inakuvunja nguvu na inawalazimisha wenzako waache mchezo kukuliwaza. Sema mara moja, kabla ya kuanza, kwamba unajitahidi kuongeza kasi, kisha cheza kwa raha.

Je, shangazi, simu zipigwe marufuku mezani?
*Mwenye nyumba*

Ndiyo, ila kwa wema, na mkiwapa watu kazi mbadala. Mtu akizama kwenye simu, zamu yake inaanza kwa kuuliza “imetokea nini?”, ndipo ajibiwe, ndipo afikiri. Mwingine anamsubiri huyo, naye anachomoa simu yake. Ndivyo meza nzima inavyozidi kupungua kasi bila mtu mzito hata mmoja. Wagawieni kazi: huyu mtunza benki, yule mchanganya kadi, mwingine mwandika pointi. Mwenye kazi hufuata mchezo bila kuambiwa. Anayesubiri simu ya mgonjwa au ya mtoto aachwe na simu yake.

Kwetu tunapenda Monopoly, lakini anayefilisika mapema hukaa zaidi ya saa nzima akitutazama. Tumfanyie nini?
*Mjomba wa watoto wanne*

Mjomba, kwanza tazameni kama mnafuata kanuni zilizo kwenye sanduku. Familia nyingi huweka faini katikati ya ubao na kumpa anayetua kwenye maegesho ya bure. Kanuni haisemi hivyo, na fedha hizo huwarudishia uhai waliokaribia kumaliza. Wengi pia huruka mnada. Kanuni inataka kiwanja ambacho aliyetua hakukinunua kiuzwe papo hapo kwa mnada, na kila mtu mezani anaruhusiwa kutaja bei. Mnada unavimaliza viwanja mapema, na unamshirikisha hata asiye na zamu.

Kisha wekeni saa ya kumaliza kabla hamjaanza. Saa hiyo ikifika, kila mtu ahesabu fedha na mali zake, na mwenye utajiri mkubwa ndiye mshindi. Kwa namna hii watoto wengi wataufikia mwisho wakiwa bado mezani. Akitokea aliyefilisika kabla ya hapo, mkabidhi benki, na mnada wowote utakaofuata auendeshe yeye.