Usikate kisutu kabla hujakifua

Dada, weka mkasi chini kwanza. Umeuliza njia ya kutoka Greensboro kwenda Milima ya Smoky, hukohuko Marekani, mwezi Machi, pa kulala, ada ya darasa, na uandae vifurushi vingapi vya kufundishia kwilti za kanga, yaani yale mablanketi ya vipande vya vitambaa vilivyounganishwa. Halafu mwisho kabisa, kama jambo dogo, umeandika kwamba Jumamosi hii unaanza kukata doti 10 za kisutu zikiwa mpya vilevile, hazijaguswa na maji, "zisije zikalegea". Hapo moyo ukanilipuka. Nilifanya karibu hivyohivyo miaka minne iliyopita, kwenye tamasha la kwilti kulekule milimani.

Kisutu unakijua: chekundu, cheusi na cheupe, kanga ya harusi ya watu wa pwani. Wanafunzi wa Kimarekani wanakipenda kwa sababu mapambo yake yamejipanga safu kwa safu, ukikata miraba inatoka kama imepimwa kwa rula. Lakini kuna rangi ya ziada imebaki mle, na ule wanga unaoifanya kanga mpya iwe ngumu kama karatasi unakudanganya kwamba kitambaa kimetulia. Hakijatulia. Kinangoja maji.

Mimi nilimuuliza muuzaji aliyeniuzia pale Kariakoo. Akaniapia: loweka usiku mmoja kwenye maji ya chumvi na siki, anika, rangi haitoki tena mpaka kiyama. Nikaamini, maana hata bibi yangu alikuwa akisema hivyo. Bibi namsamehe, yeye hakuwa na duka. Huyu anauza kanga kila siku ya Mungu, anajua zinavyochuja, na alijua naenda kufundisha watu waliolipa! Chumvi na siki havishikishi rangi iliyokwisha kuchapwa kwenye pamba. Dawa yake ni kuitoa ile iliyozidi, basi.

Darasa lilikuwa na watu 18. Asubuhi nzima tulikata na kushona, raha tupu. Kuelekea saa tano tukafika kwenye pasi. Mama mmoja wa miaka sabini na kitu, aliyekaa mbele, alikuja na kipande cha foronya ya marehemu mama yake, cheupe, kina maua ya bluu yaliyotariziwa kwa mkono. Aliomba akiweke katikati, azungushie kisutu pande zote nne. Nikamwambia weka, kitapendeza. Akashona vizuri kabisa, akanyunyizia maji, akaweka pasi ya mvuke. Alipoiinua, wekundu ulikuwa umeingia kwenye foronya kutoka kila upande wa mshono, kama damu inavyopenya bendeji. Hakupiga kelele. Alikishika kile kipande kwenye mwanga wa dirisha, akakiangalia, akaketi. Nyuma yake watu wakaanza kugeuza vya kwao.

Nilikikimbiza kwenye sinki, maji baridi, sabuni, nikasugua kwa vidole mpaka vikafa ganzi. Ikabaki rangi ya waridi. Niliwarudishia wote 18 ada yao, dola 65 kila mtu, jumla dola 1,170, na bado chumba na mafuta vilikuwa juu yangu. Hizo nilizilipa zikaisha. Ile foronya sina cha kuilipia hadi leo.

Kwa hiyo Jumamosi, fua. Kila kanga peke yake, maji ya moto na sabuni, kwenye beseni jeupe ili uone maji. Maji ya kwanza yatakuwa kama juisi ya choya. Mwaga, rudia, mwaga, rudia. Visutu vyangu vya sasa huwa vinataka mara tano, kingine mara saba. Ukitumia mashine, tia zile karatasi za kunasa rangi, zinauzwa dukani penye sabuni za kufulia. Kikikauka, chukua kitambaa cheupe kilicholowa, kilaze juu ya wekundu, kandamiza na pasi ya moto, hesabu mpaka 20. Kikitoka na dalili yoyote ya waridi, kanga irudi kwenye beseni. Na kulegea unakokuogopa kunatibiwa na wanga wa kupulizia kabla ya kukata. Kitakakamaa kama kipya. Tena kanga ikifuliwa hunywea kidogo. Bora inywee kwako kuliko inywee ndani ya kwilti ya mtu iliyokwisha kamilika.

Njia: shika barabara kuu ya I-40. Simu ikikushauri upitie mji wa Cherokee kwa barabara ya US 441, ikatae. Ile inapanda mpaka Newfound Gap, pale inapovuka kilele cha milima, mita 1,538 juu ya bahari, na Machi theluji huifunga hata kama huku chini miti imeshachanua. Hiyo I-40 nayo, kwenye bonde la mto Pigeon, ilimegwa na kimbunga Helene Septemba 2024, ikafunguliwa Machi 2025 kwa njia moja kila upande, kwa hiyo angalia hali ya barabara kabla hujaondoka na ufike siku moja kabla ya darasa. Ukichelewa watakusubiri au watakupangia saa nyingine. Rangi ikishaingia kwenye kitambaa cha mtu hakuna wa kukupangia kitu.

Kila kisutu kikifika maji yake ya mwisho, piga picha ya beseni uiweke hapa. Usiguse mkasi mpaka nimeyaona.