Barua kwa Mwanangu: Figo Zako na Nyama ya Nguruwe

Mwanangu mpendwa,

Unaniuliza kama, baada ya daktari kukuambia kwamba ugonjwa wa figo zako umefika hatua ya 3, ni lazima uiache kabisa nyama ya nguruwe. Mimi niliyeishi na maradhi hayohayo kwa miaka tisa nakujibu kwamba si lazima, ila inakupasa kuangalia ukubwa wa kipande na yale ambayo nyama hiyo imetendewa kabla ya kuingia jikoni mwako.

Kwa mgonjwa ambaye damu yake haisafishwi kwa mashine, kiasi kinachopendekezwa ni takriban gramu 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Wewe mwenye kilo 60, basi, una gramu 48 za kugawa kutwa nzima. Kipande cha sarara, yaani nyama laini ya mgongoni, kilichopikwa chenye gramu 85, ambacho hakizidi kiganja changu bila vidole, kina protini ya gramu 23 hivi, yaani karibu nusu ya fungu lako. Nilipokiweka mezani kipande nilichozoea kujipakulia na kukipima kwa mizani, niliona aibu: kilikuwa sawa na vipande viwili na ushei vya namna hiyo.

Kinachonitia hofu zaidi ni bekoni, hemu na soseji. Sarara isiyotiwa kitu ina sodiamu, yale madini ya kwenye chumvi, isiyofika miligramu 100 katika kipande kama hicho, lakini hemu ya uzito uleule huweza kukaribia 1,000, ilhali wengi wetu tunaambiwa tusipite 2,000 hivi kwa siku. Tena viwandani huongezwa fosfati, yaani chumvi zenye madini ya fosforasi, ili nyama ishike maji, na fosforasi ya namna hiyo hufyonzwa na mwili karibu yote, tofauti na ile ya asili ambayo sehemu yake hupita bila kufyonzwa. Figo zilizochoka hushindwa kuitoa, nayo ikilundikana katika damu hudhoofisha mifupa na kukakamaza mishipa. Usidanganyike na rangi ya nyama mbichi, kwani nyingine huchomwa sindano ya maji ya chumvi na fosfati. Niliwahi kuligundua neno “fosfati” kwenye pakiti baada ya kuvaa miwani, wakati nyama yenyewe ilikuwa tayari imo sufuriani.

Ondoa mafuta, uiloweke nyama katika maji ya limau, kitunguu saumu na pilipili manga, kisha uioke. Usikimbilie chumvi mbadala kwa kudhani ni salama, kwa maana nyingi hutengenezwa kwa potasiamu, ambayo ikizidi katika damu huvuruga mapigo ya moyo.

Hesabu hii ni ya hali yako ya sasa, kwa sababu wanaosafishwa damu huhitaji protini zaidi. Mpelekee mtaalamu wa lishe majibu yako ya potasiamu na fosforasi, kisha uniandikie amekuruhusu vipande vingapi kwa wiki.

Akupendaye,
Mama yako