Maswali yenu ya anga: kituo cha ng'ambo ya Mwezi kitasimamia nini?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mi nko Mbeya, fundi magari. Nimesikia kuhusu ule mpango wa NASA wa kuweka kituo cha watu huko ng'ambo ya Mwezi, sehemu wanaita L2. Nikamwelezea jamaa yangu hapa gereji akacheka sana, anasema ukishapita Mwezi ni tupu tu, sasa hicho kituo kitasimamia nini? Na swali langu mwenyewe, Apollo walienda wakatua 1969 bila kituo chochote, leo miaka yote hii ndo tuanze kujenga kituo? Nisaidie maana tumewekeana soda.

JIBU: Marahaba fundi. Soda mtagawana, maana wote mna haki kidogo.

Jamaa yako yuko sahihi kwamba L2 ni patupu, hakuna jiwe wala vumbi la kukanyaga. Ni nukta tu, kama kilomita 64,000 ng'ambo ya Mwezi, kwenye mstari ulionyooka kutoka Dunia kupitia Mwezi. Kinachoifanya iwe na maana ni mvuto. Kwa kawaida kitu kikiwa mbali zaidi na Dunia kinazunguka polepole zaidi, kwa iyo chombo kilichoko nje ya Mwezi kingetakiwa kiachwe nyuma. Ila pale L2 Mwezi nao unakivuta upande uleule ambao Dunia inakivutia, mivuto miwili inajumlishwa, ndo kinapata nguvu ya kutembea sambamba na Mwezi, mwezi mzima bila kuachwa. Hesabu hizi ni za zamani sana, jina la mwanahisabati Lagrange ambalo ndo hiyo herufi L linatokana na kazi aliyoandika 1772.

Sasa usidhani ni sehemu ya kupaki ukazima injini ukaenda zako. Chukua sufuria, igeuze juu chini, weka goroli katikati ya kitako chake. Inakaa, ila ukipuliza kidogo tu inateremka. L2 iko hivyo, lazima chombo kijirekebishe kila mara, japo kwa mafuta kidogo sana. Halafu kuna tatizo la pili ambalo watu hawalifikirii, ukikaa pale kwenye nukta yenyewe Mwezi unakukinga Dunia yote, redio hamna! Kwa iyo hawakai kwenye nukta, wanaizunguka. Mhandisi mmoja Mmarekani, Robert Farquhar, ndo alipigia hesabu mizunguko hiyo miaka ya 1960, ukiwa Dunia unaona chombo kinazunguka pembeni ya Mwezi kama pete. Na sio stori za kwenye karatasi, Wachina walipeleka setilaiti yao Queqiao huko Mei 2018, ikawa inapokea mawasiliano ya Chang'e 4, chombo chao kilichotua upande wa Mwezi ambao sisi hatuuoni, Januari 2019.

Kituo cha watu chenyewe kinaitwa Gateway, na hapa naomba nikurekebishe kidogo. Mwaka 2012 mazungumzo yalikuwa kweli ya L2, ila obiti, yaani njia ya mzunguko, waliyokuja kuichagua ni binamu yake, ile mizunguko ya L2 imevutwa ikasogea hadi karibu na Mwezi. Inapita karibu na ncha ya kaskazini kwa kasi kubwa, halafu inaenda kuning'inia kule juu ya ncha ya kusini hadi kilomita 70,000, mzunguko mmoja ni kama siku 6 na nusu. Muda mwingi kinakuwa upande wa kusini, ambako ndo kuna barafu wanayoitaka, na Dunia inaonekana muda wote. Walishatuma kachombo kadogo ka kilo kama 25, kanaitwa CAPSTONE, kakaruka kutoka New Zealand Juni 2022 kakafika Novemba, kwenda kuijaribu hiyo obiti.

Sasa lile lako la Apollo. Wewe ni fundi, angalia tenki. Apollo walikuwa na zaidi ya tani 18 za mafuta kwenye sehemu ya injini ya chombo mama. Orion, chombo cha NASA cha sasa cha kubeba watu, kina tani kama 8 na nusu, na chumba chake cha watu ni kizito kuliko kile cha Apollo. Ni kweli Apollo walikuwa wanafunga breki wakiwa na chombo cha kutua mgongoni, kwa iyo walihitaji mafuta zaidi, ila hata ukilitoa hilo, Orion ikishuka obiti ya karibu na uso wa Mwezi kama walivyofanya wao haibaki na mafuta ya kurudi nyumbani. Kwenye hii obiti ndefu inaingia na kutoka kwa bei nafuu. Yaani watakupa sababu nyingi nzuri za kituo, sayansi, mazoezi ya Mars, ushirikiano, na zote zina ukweli ndani, ila mi naona iliyoamua kikae wapi ni tenki la mafuta. Chombo kingine ndo kiwachukue watu kutoka pale kiwashushe chini.

Wanaopinga wanasema ni kama kumlazimisha dereva apitie mizani wakati hana mzigo, ongeza tu tenki au tumia chombo kikubwa uende moja kwa moja. Mi nawaelewa. Mwaka 2025 Ikulu ya Marekani ilipendekeza mradi ufutwe, Bunge lao Julai mwaka huohuo likatenga dola bilioni 2.6 uendelee, hapo ganda la chumba cha kwanza, HALO, lilikuwa limeshatengenezwa Turin kule Italia na limeshafika Arizona tangu Aprili. Ila Machi 2026 NASA ikatangaza kuusimamisha mradi huu.

SWALI: Niko Mombasa, nasomea uuguzi. Mtu akiugua huko inakuwaje? Na ile mionzi?

JIBU: Hapa ndo pagumu, zaidi ya roketi. Kile kituo cha kimataifa kilichopo sasa kiko kilomita kama 400 tu juu yetu, mgonjwa akizidiwa anaweza kuingizwa kwenye Soyuz, chombo cha Warusi, na masaa matatu na nusu hivi baada ya kuachana na kituo yuko chini. Kutoka Gateway ni siku, sio masaa, na inategemea kiko sehemu gani ya mzunguko. Ndo maana hawakupanga watu wakae mwaka mzima, mpango ulikuwa watu wanne, mwezi mmoja au zaidi kidogo, wakiondoka kinabaki kitupu na mkono wa roboti wa Wakanada ukikihudumia.

Mionzi nayo, tukiwa karibu na Dunia usumaku wake unatukinga sana. Kule hakuna. Agosti 1972 Jua lilitoa dhoruba kali mno, bahati nzuri ikaangukia kati ya Apollo 16 ya Aprili na Apollo 17 ya Desemba, hakukuwa na mtu njiani. Kwenye Orion dawa yao ni ya kienyeji kabisa, wanaingia kwenye makabati ya sakafuni wanajizungushia mizigo. Kwenye Artemis I, safari ya majaribio ya Orion bila watu ya 2022, walipanda wanasesere wawili, Helga na Zohar, wamejaa vipima mionzi, Zohar kavalishwa fulana ya kinga na mwenzie hana, ili walinganishe. Wote umbo la kike, maana mwili wa mwanamke unaathirika zaidi na mionzi.

SWALI: Tuko Sharjah, watoto wanaambiwa shuleni Emirates nao wamo. Kweli?

JIBU: Kweli. Januari 2024 kituo cha anga cha Mohammed bin Rashid cha Dubai kilikubali kutoa chumba cha kutokea nje ya Gateway, mnaingia mnafunga mlango wa ndani, hewa inatolewa, mnafungua wa nje. Malipo yake yalikuwa Muemirati mmoja kupelekwa huko. Na sio wageni wa kazi, mwanaanga wao Sultan Al Neyadi alishatembea nje ya kituo cha kimataifa Aprili 2023, Mwarabu wa kwanza.

SWALI: Mwanangu ana miaka 7 anauliza, wakichungulia dirishani wanaona nini?

JIBU: Mwambie wakiwa kule mbali kabisa, Dunia inaonekana upana kama mara tatu na nusu ya Mwezi tunaouona sisi. Mwezi wenyewe kwao ni zaidi ya mara tano. Mtu mzima akiwa kule akinyoosha mkono mbele, kidole gumba chake kinaificha Dunia yote. Mwezi hakitoshi, atahitaji viwili.